Kompyuta ya kwanza ya kupozwa kwa maji: chukua mpira mweusi, mabomba ya kung'aa yasubiri

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Moshi, naedit video za kampuni za utalii na usiku narenda 3D. Mashine ni Ryzen 9 5900X na RTX 3080. Joto la hapa na kelele za feni zimenichosha, nataka nifunge mfumo wa maji mwenyewe: rejeta mbili (za milimita 360 na 240), bloku ya prosesa, bloku ya kadi (vile vipande vya chuma vinavyokaa juu ya chipu na maji kupita ndani yake), na pampu yenye tenki lake. Nimekwama kwenye mipira. Roho yangu iko kwenye yale mabomba magumu ya kung'aa yenye kona kali, ila fundi mmoja kaniambia nisihangaike, ninunue mpira wa levo duka la vifaa vya ujenzi. Na saizi je? Naona 10/13, 10/16, 16 mm, inchi, nachanganyikiwa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe usije ukachoka njiani: chukua mpira laini mweusi wa EPDM (aina ya raba), saizi 10/16, na fitingi za kubana za 10/16 za mpira laini (shingo inaingia ndani ya mpira, kola inaukaza kwa nje), mita tatu zinakutosha na kubaki. Hayo mabomba ya kung'aa ni mazuri sikatai, ila sio kwa mashine ya kwanza, na hasa sio kwa mashine inayokulisha.

Kwanza tuondoe kitu kimoja ambacho kinawapotezea watu hela. Aina ya mpira haikupunguzii joto. Maji yanachota joto kwenye bloku yanakwenda kulimwaga kwenye rejeta, huko katikati mpira ni njia tu ya kupita. Iwe akriliki, iwe mpira, iwe shaba, iwe na tundu la milimita 10 au 13, tofauti utakayoiona kwenye skrini ni ndogo kiasi kwamba ukifungua dirisha la chumba unaipita. Prosesa yako ikibanwa inavuta mpaka kama wati 142, kadi yako imeandikwa wati 320, kwa hiyo una kama wati 460 ambazo lazima zitokee kwenye rejeta na feni, basi. Mtu anayekuuzia bomba kwa kukwambia "hili linapoza zaidi" muache aendelee na wateja wengine, na hela utakayookoa hapo kaongeze kwenye feni nzuri, kwa sababu malalamiko yako yenyewe ni joto na kelele na vyote viwili vinaamuliwa na feni.

Sasa mpira unachagua kwa lipi? Kwa mambo mawili: unaachia nini kwenye maji, na utaufungua mara ngapi. Hayo ukiyaelewa mengine yote yanajipanga.

Tuanze na hicho kipenzi chako. Mabomba magumu yapo ya aina mbili kuu za plastiki, PETG na akriliki (yapo pia ya glasi na ya shaba, hayo tuyaache). PETG ndo rahisi kwa anayeanza, inakunjika kwa joto dogo, ukiikata haipasuki ovyo. Akriliki inang'aa zaidi na inavumilia joto zaidi lakini ni kavu, ukiikata kwa papara inamegeka kwenye mdomo, na ukiikunja kabla haijaiva vizuri inapata nyufa ndogondogo ambazo huzioni leo. Zote mbili zinataka zana: hitigani (ile mashine ya kupuliza hewa ya moto), uzi mnene wa silikoni wa kupitisha ndani ili bomba lisijibane kwenye kona, msumeno wa meno madogo, msasa, na kifaa cha kulainisha mdomo wa bomba. Hicho cha mwisho watu wanakidharau na ndicho kinacholeta mafuriko, maana bomba gumu linashikwa na oringi, yaani kipete cha raba kilicho ndani ya fitingi, sasa mdomo ukiwa na makali unaichana oringi wakati unasukuma, na huwezi kujua imechanika mpaka maji yaanze kudondokea kwenye kadi.

Alafu kuna huo muda wenyewe. Kila bomba gumu linapimwa na kukunjwa kwa nafasi moja tu. Ukisogeza rejeta sentimita moja, bomba halifai tena. Ukibadilisha kadi ya grafiki, na we mtu wa kurenda utaibadilisha tu siku moja, bloku mpya itakuwa na matundu sehemu nyingine, unarudi kwenye hitigani. Na mfumo wa kwanza unafunguliwa sana: umesahau kuchomeka waya wa feni, RAM moja haisomi, bloku haikukaa sawa joto linapanda ovyo unataka kurudia thamo pesti (ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na bloku). Kwa mpira laini hayo ni mambo ya nusu saa na kitambaa. Kwa mabomba magumu unamwaga maji yote, unachomoa mabomba kwa mpangilio wake, na moja likigoma kurudi jioni yako imeishia hapo na mteja anasubiri video yake.

Kuhusu joto la Moshi, maana najua utauliza. PETG inaanza kulegea ikikaribia nyuzi 80, na kwa usalama watengenezaji wengi wanataka maji yasizidi 60. Mfumo uliofungwa vizuri maji yake yanakaa kama nyuzi 10 mpaka 15 juu ya joto la chumba, kwa hiyo chumba kikiwa na 33 mwezi wa pili, maji yako kwenye 43 mpaka 48 hivi. Hapo PETG haina shida. Shida ni siku pampu ikizima halafu kadi ikaendelea kufanya kazi, maji yaliyokaa ndani ya bloku yanapata moto sana pale pale, bomba linalegea kwenye shingo ya fitingi na linachomoka. Mpira wa EPDM kwenye hali hiyo hiyo unabaki pale ulipo, mashine inajizima yenyewe kwa joto, mambo yanaishia hapo.

Na kama unabeba mashine kwenda kwa mteja, hapo ndo usiniulize kabisa. Barabara ya Moshi kuja Arusha unaijua matuta yake, bado hujaingia njia ya vumbi ya mtaani. Mabomba magumu yanasukumwa na kuvutwa kwenye oringi kila tuta. Mpira laini unacheza na mtikisiko.

Haya, sasa mpira wa levo. Fundi wako hajakosea kila kitu, mpira ule unapitisha maji na mafundi ujenzi wanautumia kila siku kupimia usawa wa msingi. Ila ule ni PVC laini, na PVC yenyewe kwa asili ni ngumu, kinacholainisha ni kemikali iliyochanganywa ndani yake inaitwa plastisaiza. Maji ya vuguvugu yakizunguka humo mchana na usiku kemikali hiyo inatoka kidogo kidogo. Mpira unapata ukungu mweupe na kukakamaa, na kile kilichotoka kinakwenda kuganda kwenye bloku ya prosesa. Ndani ya bloku kuna mapezi membamba ya shaba, nafasi kati ya pezi na pezi ni chini ya nusu milimita, kwa hiyo haihitaji uchafu mwingi, mapezi yanaziba na joto linapanda taratibu we unadhani prosesa imechoka. Hata mipira ya uwazi inayouzwa rasmi kwa ajili ya kompyuta mingi ni PVC hiyo hiyo, ya daraja bora zaidi, na wenyewe wanaibadilisha kila baada ya mwaka au miwili.

La pili, vipimo vya mpira wa dukani havina uaminifu. Umeandikwa nusu inchi, ukipima kwa vernia unakuta pungufu ya pale, na unene wa ukuta wake upande huu sio sawa na upande ule. Fitingi ya kubana inategemea ukuta wenye unene kamili, ukiwa mwembamba kola inafika mwisho bila kuuma kitu. Unaweza kuufunga kwa fitingi za meno na klipu za chuma, itashika, lakini kwa mashine yenye kadi ya bei hiyo mi siwezi kukushauri. Ila nunua mita mbili hata hivyo! Utumie kupangia njia: unazungusha kavu ndani ya kesi, unaona kona ipi inajikunja, unakata, unapima urefu, unaandika. Ukimaliza unaupeleka kwenye bustani. Hiyo itakuokolea mpira wa gharama.

Mpira wa mafuta ya gari usiuguse, umetengenezwa kwa kazi nyingine. Silikoni nayo inaonekana nzuri, laini mno, ila mvuke wa maji unapenya ukuta wake, tenki litakuwa linapungua na huoni tone popote, utazunguka na tochi kutafuta mvujo ambao haupo.

EPDM ni raba, ndugu yake ni zile hozi nyeusi za rejeta ya gari, na hauna hiyo plastisaiza ya kumwaga kwenye maji kama PVC. Unakaa miaka kadhaa bila kukakamaa. Ni mweusi tii, na weusi huo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani kwa sababu mwanga haupiti, na mwani na ukoga vinapenda mwanga, we kama meza yako iko karibu na dirisha hapo umeshashinda nusu ya vita. Kampuni ya EK wana wao unaitwa ZMT, Alphacool wana wa kwao, na Wachina wanauza pia kwa bei ya chini, ukisoma maelezo ukaona EPDM na saizi imekamilika, chukua. Ubaya wake upo: hauonyeshi maji, hauna mbwembwe za taa, na ukifika umeviringwa unataka kubaki umeviringwa. Hiyo tabia itumie, kata kipande kwa namna ambayo mviringo wake wa asili unafuata kona yako, usishindane nao. Kabla ya kufunga usuuze kwa ndani mpaka maji yatoke meupe, wakati mwingine unatoka na vumbi jeusi la kiwandani.

Sasa saizi, na hapa soma polepole maana hapa ndipo watu wanaagiza vitu kutoka China wanasubiri wiki kibao na vinafika havifungiki. Mpira laini una namba mbili. Ya kwanza ni tundu la ndani, ya pili ni upana wa nje. 10/13 maana yake ndani 10 nje 13, ukuta milimita moja na nusu tu, kwa hiyo ni mwembamba, unapinda kirahisi na unajikunja kirahisi vile vile, kona ikiwa fupi unabonyea na maji yanakabwa. 10/16 tundu ni lile lile ila ukuta ni milimita tatu kamili, kona haizibi. 13/19 nao una ukuta wa tatu ila ni mnene, fitingi zake kubwa, kwenye bloku ambayo matundu mawili yamekaribiana zinagongana mabega huwezi kuzikaza. Ndo maana nakwambia 10/16. Kwa lugha ya inchi hiyo ni 3/8 kwa 5/8, tundu linatoka milimita 9.5 na nje 15.9, na fitingi za 10/16 zinaushika bila tabu. Usiuchanganye na 12/16 au 11/16, nje zinafanana ila fitingi ni nyingine kabisa.

Mtego mkubwa ni hiyo "16 mm" uliyoiona peke yake bila mkwaju (/). Namba moja ikikaa peke yake mara nyingi ni fitingi ya bomba gumu, maana bomba gumu linapimwa kwa nje tu: 12, 14 au 16. Fitingi ya bomba gumu la 16 haina ile shingo ya kuingia ndani ya mpira, ina oringi tu, ukichomeka mpira laini humo utakaa kidogo na presha ya kwanza utachomoka. Kwa hiyo kwenye maelezo tafuta mambo matatu: neno la mpira laini, 10/16 au 3/8 kwa 5/8, na uzi wa G1/4 (yale meno ya kukazia kama skrubu) upande wa pili. Uzi huo wa G1/4 ndo karibu kila bloku, rejeta na tenki la kompyuta linautumia, na sio sawa na uzi wa fitingi za bomba za fundi maji, hata kama vinaanza kuingiana usilazimishe.

Idadi hesabu hivi: kila kifaa kina mlango wa kuingia na wa kutoka. We una vitano, yaani bloku mbili, rejeta mbili, na pampu yenye tenki, kwa hiyo fitingi 10. Ongeza mbili za akiba. Ongeza kona za nyuzi 90 zinazozunguka, mbili au tatu, kwa zile sehemu ambazo mpira wa levo ulikuonyesha kona imebana. Alafu weka T moja na koki ndogo sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, ya kumwagia maji, hii usiiache kwa kubana matumizi, siku ya kwanza ya kufungua utaikumbuka. Utashangaa kuona fitingi zinakula hela kuliko mpira wenyewe, ni kawaida. Na bloku na rejeta hakikisha zote ni za shaba au zilizopakwa nikeli, ukiingiza rejeta ya alumini kwenye mzunguko wenye shaba, alumini inaliwa.

Kununua, kwa uzoefu wangu huku kaskazini mpira wa EPDM wa kompyuta hukuti dukani. Kuna wanaoletewa Dar kwa oda na unapandishiwa kwa basi, kuna wanaotumia watu wa Nairobi mzigo unapitia Namanga, na kuna kuagiza China kupitia wakala wa mizigo. Njia yoyote sawa, ila mpira na fitingi agiza pamoja kutoka kwa muuzaji mmoja, ikitokea havikuingiana una mtu mmoja wa kumuuliza. Kimiminika cha rangi usiagize, kwanza vimiminika kwa ndege ni usumbufu, pili mpira wako ni mweusi rangi unamuonyesha nani, na vile vya rangi nzito kama maziwa vina chembe ambazo huwa zinatua chini na kuganda.

Maji tumia distilidi, yaani maji ya betri ya kuongezea yanayouzwa sheli. Soma lebo, tafadhali, maana kwa wauza betri kuna chupa nyingine inakaa jirani yake ambayo ni asidi. Changanya na dawa ya kuzuia kutu na ukoga iliyotengenezwa kwa mifumo hii, kichupa kidogo kinatosha. Maji ya bomba hapana. Huku kwetu Arusha maji ya maeneo mengi ya chini ya Meru yana floraidi nyingi mpaka meno ya watu yanabadilika rangi, na kuchemsha hakuitoi, kinachopungua ni maji, floraidi inabaki. Na nyie watu wa Moshi najua mnavyojivunia maji yenu ya mlimani, kunyweni kwa raha zenu, lakini yana madini, na madini yanaganda kwenye yale mapezi.

Siku ya kufunga, kata mpira kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, sio mkasi. Vua kola ya fitingi uivishe kwenye mpira kwanza, watu wanaisahau. Mdomo wa mpira uchovye kwenye maji ya moto kidogo ulainike, kisha usukume mpaka ugonge mwisho wa shingo, ndo ukaze kola kwa mkono. Usipake mafuta wala vaselini, mafuta ya petroli yanaivimbisha EPDM. Kama ni mgumu, maji ya distilidi yale yale yanatosha kutelezesha.

Kisha jaribio. Kabla ya kuchomeka waya wowote kwenye mazabodi au kadi, iwashe pampu peke yake: ile plagi ya pini 24 ya pawa saplai unaunganisha waya wa kijani na mweusi mmoja wa jirani, na kama nyaya zako zote ni nyeusi nunua kile kiplagi cha kazi hiyo, usibahatishe. Jaza tenki, washa sekunde chache, zima, jaza tena, pampu isizunguke kavu hata kidogo. Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi na uiache izunguke saa 24. Umeme ukikatika katikati sio neno, ukirudi endelea ulipoishia. Inamishe kesi huku na huku mapovu yatoke kwenye rejeta, na kiwango cha tenki kitashuka kidogo siku za mwanzo kwa sababu hewa inatoka na maji yanachukua nafasi yake, unaongeza tu. Kikiendelea kushuka baada ya wiki mbili hivi, anza kupapasa fitingi moja moja kwa tishu kavu, anzia zile za kwenye kadi.